Adhabu ya Haki Uwanjani: Aliyerusha Jiwe Ndiye Ajibu

SOMO LA TOLEO HILI: Michezo, sheria na amani ya jamii
Limeandaliwa kwa ajili ya kamati za mashindano, makocha, walimu, wazee, machifu na mashabiki wa Kaunti Ndogo ya Hulugho

Katika vituo vingi vya Hulugho na Sangailu, uwanja wa mpira ni mmoja tu. Hapo ndipo wanafunzi hucheza asubuhi, vijana hukutana baada ya swala ya Alasiri, na mabaraza ya wananchi hufanyika. Uwanja huo ukifungwa kwa sababu ya fujo za watu watatu, vijana wengi hukosa mahali pa kucheza na jamii nzima hukosa mahali pa kukutana.

Upande wa pili, fujo zikiachwa bila adhabu, refa hataki kurudi, wazazi wanawazuia watoto wao, na timu ya wageni inakataa kusafiri. Katika eneo ambalo timu nyingi huundwa na vijana wa mtaa mmoja au jamaa moja, jiwe lililorushwa na kijana mmoja linaweza kugeuka kuwa deni kati ya familia mbili, na mchezo ukazaa uhasama ambao wazee watachukua miezi kuutuliza.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuadhibu fujo za mashabiki bila kuwaonea wasio na hatia. Msingi wake ni huu: fidia inaweza kubebwa na wengi, lakini adhabu humfuata aliyetenda.

1. Nani ana mamlaka ya kuadhibu?

Makosa mengi hutokea kwa sababu kila mtu uwanjani hujiona hakimu. Ni vizuri kutenganisha majukumu.

Refa. Sheria za mpira wa miguu zinampa refa uwezo wa kusimamisha mechi kwa muda, kuiahirisha au kuivunja mashabiki wanapoingilia mchezo. Hana mamlaka ya kumwadhibu shabiki. Kazi yake ni kulinda usalama wa wachezaji na kuandika ripoti ya alichokiona.

Kamati ya mashindano. Kamati inaweza kuonya, kumtoa mtu uwanjani, kumzuia asihudhurie mechi zijazo, na kuiadhibu timu kulingana na kanuni ambazo timu zilikubali kabla ya mashindano kuanza. Kamati si mahakama. Haiwezi kumfungia mtu chumbani, kumchapa viboko, wala kumnyang'anya simu au mbuzi kwa nguvu. Atakayefanya hivyo anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe.

Polisi na mahakama. Kuumiza mtu, kuharibu mali na kuvunja amani ni makosa ya jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, inaeleza kila kosa na kipimo chake. Kuzua vurugu zinazoweza kuvunja amani, chini ya kifungu cha 95, kuna kifungo kisichozidi miezi 6. Kumshambulia mtu na kumjeruhi, chini ya kifungu cha 251, kuna kifungo kisichozidi miaka 5. Kuharibu mali kwa makusudi, chini ya kifungu cha 339, nako kuna kifungo kisichozidi miaka 5. Mtu akikamatwa, Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 tangu kukamatwa, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama iwapo muda huo utaishia siku ambayo mahakama haikai.

Wazee wa maslaha. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinatambua njia za jadi za kutatua mizozo, mradi zisikiuke haki za binadamu wala sheria. Wazee wana nafasi kubwa katika kupatanisha na kukadiria fidia. Hawachukui nafasi ya mahakama katika makosa mazito.

Serikali ya Kaunti nayo ina jukumu lake. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya michezo na vifaa vyake. Usalama na polisi, hata hivyo, ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Ndiyo sababu kila mechi kubwa inahitaji mazungumzo ya mapema kati ya waandalizi, msimamizi wa wadi, chifu na kituo cha polisi.

2. Timu inaadhibiwa lini kwa kosa la mashabiki?

Kanuni za nidhamu za FIFA zinasema klabu mwenyeji na chama chake wanawajibika kwa usalama na utulivu uwanjani. Klabu inaweza kuadhibiwa mashabiki wake wakivamia uwanja, wakirusha vitu, wakiwasha fataki au wakiharibu mali. Adhabu zinaanzia onyo na faini, na zinaweza kufikia kucheza bila mashabiki au kuhamishiwa uwanja mwingine.

Kuna sababu ya kanuni hiyo. Klabu ndiyo inayoweza kuweka walinzi mlangoni, kuzungumza na mashabiki wake na kuwatambua wakorofi. Ikijua kwamba haitaulizwa lolote, haitajishughulisha. Lakini kanuni hiyo ina gharama, na Wakenya waliiona mwaka wa 2025.

Agosti mwaka huo Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja michuano ya CHAN. Katika mechi za Harambee Stars uwanjani Kasarani, watu wasiokuwa na tiketi walipenya vizuizi na kuingia. Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilitoza faini, kisha likaamuru kwamba katika mechi dhidi ya Zambia tarehe 17 Agosti mashabiki wasizidi 27,000, takriban asilimia 60 ya uwezo wa uwanja. Aliyeruka ua bila tiketi huenda alitazama mchezo wake na kurudi nyumbani. Aliyekuwa tayari kulipa kwa haki ndiye aliyekosa nafasi wiki iliyofuata.

Amri ile ilikuwa na sababu, kwa kuwa ililenga kuzuia msongamano ambao ungeweza kuua watu. Lakini ilikuwa hatua ya usalama zaidi kuliko adhabu ya wakosaji. Kamati yoyote inapaswa kutofautisha mambo hayo mawili na kuyasema wazi: "Tunapunguza watu kwa sababu ya usalama" ni kauli tofauti na "Ninyi nyote mna hatia."

Uturuki ilitafuta njia ya kati. Mwaka wa 2011, baada ya mashabiki wa Fenerbahçe kuvamia uwanja katika mechi ya kirafiki, klabu ilipaswa kucheza bila watazamaji. Chama cha soka cha nchi hiyo kikaamua kwamba wanawake na watoto wa chini ya miaka 12 waruhusiwe kuingia bure. Tarehe 20 Septemba 2011, zaidi ya wanawake na watoto 41,000 walijaa uwanjani mjini Istanbul kutazama mechi dhidi ya Manisaspor. Adhabu ilibaki, ila wale ambao hawakuhusika kwa kawaida na fujo hawakufungiwa nje.

3. Kwa nini kaunti hii iwe makini na adhabu ya jumla

Methali inasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Katika mambo ya haki, methali hiyo haifai kuwa sheria.

Mwaka wa 1909 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la mtu mmoja au wachache. Baada ya uhuru, fikra hiyo haikutoweka mara moja kaskazini mashariki. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliuteketeza mtaa wa Bulla Karatasi, na wakazi wakakusanywa na kuzuiliwa katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika masaibu hayo katika ripoti yake ya mwaka wa 2013.

Mechi ya mpira haiwezi kulinganishwa na msiba huo. Hata hivyo, wazee wanaoukumbuka wanajua jinsi mtu anavyojisikia anapoadhibiwa kwa sababu tu ya anakoishi au anakotoka. Kamati inapotangaza kwamba "watu wa bulla fulani wasikanyage tena hapa," inatumia kipimo kilekile kwa udogo. Vijana wasio na hatia hupata funzo moja tu, kwamba kukaa kwa utulivu hakuna faida, maana aliyerusha jiwe na aliyemzuia wameadhibiwa sawa.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona katika mila za jamii ya hapa ndugu huchanga pamoja kulipa diya? Je, hiyo si adhabu ya jumla?

Jibu liko katika kutenganisha fidia na adhabu. Diya humsaidia aliyeumizwa au familia yake, na huzuia kisasi. Ndugu wanapochanga, wanasema kwamba hawamwachi jirani na hasara iliyosababishwa na mtoto wao. Hawasemi kwamba wote walirusha jiwe. Vivyo hivyo, timu inaweza kuchanga kununua wavu uliochanwa, kwa kuwa ilishindwa kuwatuliza watu wake. Lakini kuonywa, kuzuiwa kuhudhuria au kushtakiwa ni adhabu, na hiyo haichangwi.

Kuna hatari upande wa pili pia. Ndugu wakilipa kila kitu na mkosaji asipoteze hata siku moja ya mchezo, atarudia. Haki kamili inataka yote mawili: aliyeumia alipwe, na aliyetenda ajibu mwenyewe. Mafunzo ya dini yanayotolewa katika dugsi na misikiti ya eneo hili nayo yanasisitiza kwamba kila mtu ana dhima ya tendo lake.

4. Vipimo vitano vya adhabu ya haki

Kifungu cha 47 cha Katiba kinataka maamuzi ya kiutawala yawe halali, ya busara na yafuate utaratibu wa haki, na anayeathirika apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka wa 2015 inayotekeleza kifungu hicho inawagusa hata watu binafsi ambao maamuzi yao yanaathiri haki za wengine. Kwa kamati ya mashindano ya kijijini, mambo hayo yanaweza kufupishwa hivi:

Kwanza, kanuni ijulikane mapema. Kanuni zisomwe kwa Kiswahili na Kisomali kabla ya mechi ya kwanza, na manahodha na makocha watie sahihi. Adhabu inayobuniwa baada ya kosa ni hasira tu.

Pili, kuwe na ushahidi. "Ni wale wa upande ule" si ushahidi. Ripoti ya refa, mashahidi wawili wasio wa timu husika, au video ya simu inayomwonyesha mtu waziwazi, huo ni ushahidi. Asipotambuliwa mtu, asiadhibiwe mwingine kwa niaba yake.

Tatu, mtuhumiwa asikizwe. Aambiwe anachotuhumiwa, apewe muda wa kujibu na aruhusiwe kuja na mzazi au mzee wake. Mwanakamati aliye jamaa yake, au jamaa ya aliyeumizwa, asishiriki katika kuamua.

Nne, adhabu ilingane na kosa. Aliyemtukana refa na aliyempasua kichwa hawawezi kupewa adhabu moja.

Tano, adhabu iwe na mwisho na rufaa. "Asirudi kamwe" si adhabu inayofaa kwa kijana wa miaka 17. Itajwe idadi ya mechi au tarehe, na atajwe mtu au jopo la kukata rufaa. Ngazi ya kitaifa ina Jopo la Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, ambalo husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya mashirika ya kitaifa ya michezo. Mashindano ya wadi yanaweza kuwa na jopo lake dogo la watu watatu wanaoaminika na pande zote.

5. Ngazi za makosa na hatua zake

Kamati inaweza kuanza na mpangilio huu na kuurekebisha kwa makubaliano:

Makosa madogo: kuingia ndani ya mstari bila ruhusa, matusi kwa mchezaji au refa, kukataa maagizo ya wasimamizi. Hatua: onyo, kisha kutolewa uwanjani. Akirudia, azuiwe mechi 1 au 2.

Makosa ya kati: kuvamia uwanja na kusimamisha mchezo, kurusha chupa bila kujeruhi mtu, kuharibu wavu, kibendera au kiti. Hatua: kuzuiwa mechi 3 hadi 6, na kurekebisha au kulipia kilichoharibiwa. Kazi ya mikono, kama kuchora mistari au kufyeka uwanja, inafaa ikiwa mkosaji ameikubali.

Makosa makubwa: kujeruhi mtu, kuja na kisu au rungu, kuchochea chuki ya kikabila, kumdhulumu msichana au mwanamke. Hatua: kuripoti polisi mara moja. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa uchochezi wa chuki. Kesi za dhuluma za kingono zisimalizwe chini ya mti. Aliyeumizwa apelekwe hospitali na mashtaka yafuate mkondo wa sheria.

Hata mahakamani, jela si njia pekee. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu mahakama kumwamuru aliyepatikana na kosa lenye kifungo kisichozidi miaka 3 kufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kufungwa.

6. Watoto na wanafunzi

Mashabiki wengi wa mechi za vijijini ni watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai, na wa chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa mechi za shule, kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya viboko. Mwalimu hana ruhusa ya kuwapanga wanafunzi na kuwachapa wote kwa sababu mmoja alirusha jiwe. Mtoto aitwe pamoja na mzazi, aeleze alichofanya, aombe radhi na apewe kazi inayolingana na umri wake. Kumzuia asicheze kabisa ni kumsukuma mbali na mahali pekee ambapo angejifunza nidhamu.

7. Mfano wa kufanyia kazi

Mfano huu ni wa kufikirika. Timu A na Timu B zinacheza. Dakika ya 85, refa anakataa goli la Timu B. Vijana wapatao kumi wanaingia uwanjani. Mmoja anampiga mshika kibendera kwa jiwe na kumjeruhi. Wa pili anachana wavu ambao kuurekebisha kunagharimu shilingi 4,500. Wanne wanatambuliwa kuwa walivamia tu na kupiga kelele. Wengine hawatambuliki. Mvulana wa miaka 13 anarusha chupa ya maji isiyompata mtu. Baadhi ya wanakamati wanataka bulla nzima ya Timu B ifungiwe mwaka mzima.

Kwa vipimo vilivyotajwa, hatua zinaweza kuwa hizi. Refa anavunja mechi, na matokeo yanaamuliwa kwa kanuni zilizotiwa sahihi. Aliyejeruhi anakabidhiwa polisi. Wazee wa pande mbili wanaweza kukubaliana kuhusu gharama za matibabu, na makubaliano hayo yawasilishwe kwa maandishi. Aliyechana wavu anazuiwa mechi 4 na analipa shilingi 4,500, na ndugu au timu wanaweza kumsaidia kulipa, lakini mechi zile 4 ni zake mwenyewe. Wale wanne wanazuiwa mechi 2 kila mmoja. Mvulana anaitwa na mzazi wake. Timu B inapewa onyo la maandishi na inatakiwa kuleta wasimamizi wake sita wa mashabiki katika mechi ijayo. Wasiotambuliwa hawaadhibiwi, na watu wengine wote wa bulla hiyo wanakaribishwa kama kawaida.

Wapo watakaosema adhabu hiyo ni laini. Lakini kila aliyetambuliwa amejibu, aliyeumia ametibiwa, wavu umerudi mahali pake, na hakuna familia iliyoachwa na kinyongo cha kuonewa.

8. Kuzuia kabla ya kuadhibu

Historia inaonyesha kwamba kujibu fujo vibaya kunaweza kuua kuliko fujo zenyewe. Tarehe 9 Mei 2001 katika uwanja wa michezo wa Accra, Ghana, mashabiki walianza kurusha viti na chupa dakika za mwisho za mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko. Polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi kwenye umati. Watu wakakimbilia milangoni, na zaidi ya 120 wakafa katika mkanyagano. Nchini Kenya, watu 7 walikufa katika msongamano kwenye uwanja wa Nyayo tarehe 23 Oktoba 2010, katika mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards.

Viwanja vya Hulugho havina majukwaa wala milango mikubwa, lakini funzo ni lilelile. Kamati iweke kamba kuzunguka uwanja ili mstari wa mashabiki ujulikane. Mawe na chupa viokotwe kabla ya mechi. Mashabiki wa timu mbili wakae pande tofauti, na akina mama na watoto watengewe sehemu yao. Mechi ianze mapema ili imalizike kabla ya Magharibi na wageni wasafiri mchana. Kila timu itoe wasimamizi wanaofahamika na vijana wake, kwa kuwa kijana humsikiliza kaka yake kabla ya kumsikiliza askari.

Maswali ya kujadiliana katika baraza au mkutano wa kamati

1. Je, kanuni za mashindano yenu zimeandikwa? Nani alizisoma mbele ya mashabiki?
2. Katika fujo za mwisho mnazozikumbuka, ni nani aliyeadhibiwa, na ni nani aliyetenda? Je, walikuwa watu walewale?
3. Nani katika wadi yenu anafaa kukaa katika jopo la rufaa na kuaminiwa na timu zote?
4. Ni makosa gani ambayo wazee wanaweza kuyamaliza, na ni yapi lazima yafike polisi?
5. Timu yenu ikitakiwa kulipa fidia, mtahakikishaje kwamba mkosaji mwenyewe naye anajibu?

Kamati inashauriwa kuandika majibu yake, kuyasoma mbele ya timu zote kabla ya msimu kuanza, na kuacha nakala kwa msimamizi wa wadi na kwa chifu. Hatua hiyo haigharimu chochote, na siku fujo zikitokea, kila mtu atajua tayari nani ataulizwa na kwa kosa gani.